Simulesheni ya leza ya mipigo inajaza RAM: nihifadhi kidogo, nitumie wastani, au nijumlishe mipigo?

NodiMoja: Wakuu, habari za kazi. Nina bamba la stenlesi linalopigwa na leza: wati 500 kwa milisekunde 1, mara 10 kwa sekunde, dakika 20 mfululizo. Hiyo ni mipigo 12,000. Meshi (bamba lililogawanywa vipande vidogo) ina nodi 400,000, yaani nukta za kukokotolea joto, na kila mpigo unataka hatua 20 hivi za muda. RAM inajaa, programu inazima. Nataka mambo mawili tu: kilele cha joto usoni mwishoni, na joto la milimita 5 chini ya uso. Mngechagua njia ipi?

Jotoridi: Piga hesabu kwanza, mkuu. Nodi 400,000 kwa baiti 8 ni MB 3.2 kila hatua. Hatua zako ni 240,000, kwa hiyo unaiomba mashine itunze GB 768! Solva yenyewe, yaani sehemu ya programu inayokokotoa milinganyo, huhitaji hatua moja au chache zilizopita ili kupata inayofuata. Tunza historia ya nukta zako mbili, na bamba zima mara moja kwa dakika, liandikwe kwenye diski papo hapo. Jibu halibadiliki hata chembe.

MzeeAlfa: Kweli, ila hapo umeokoa RAM, muda uko palepale. Mimi ni mtu wa wastani. Wati 500 zikiwaka asilimia 1 ya muda ni wati 5. Usambaaji wa joto wa stenlesi (wepesi wa joto kuenea ndani yake) ni kama mm² 4 kwa sekunde, hivyo kupanda na kushuka kwa joto kwa mipigo 10 kwa sekunde hufifia ndani ya kina cha milimita 0.36 hivi. Kwenye milimita 5 hauonekani kabisa. Endesha wati 5 kwa hatua ndefu, kisha sekunde za mwishoni rudisha mipigo halisi.

BintiMeshi: Naungana na mzee. Kukokotoa joto la mpigo mmoja kisha kulijumlisha kwa mipigo yote kunapendeza, lakini kunataka tabia za chuma zisibadilike na joto. Upitishaji joto wa stenlesi 304 hutoka kama 16 W/mK kwenye nyuzi 100 hadi 21 kwenye nyuzi 500. Uso ukianza kuyeyuka, njia hiyo isahau. Na ukirudisha mipigo, ilazimishe solva isimame kila leza inapowaka na kuzima. Ikijichagulia hatua yenyewe, hurefusha pale palipotulia na kuruka mpigo mzima bila onyo lolote.

NodiMoja: Shikamoo mzee, asante dada. Mipigo ya mwishoni iwe mingapi?

MzeeAlfa: Marahaba. Usiweke idadi. Linganisha kilele cha kila mpigo na kilichotangulia. Tofauti ikishuka chini ya nyuzi 1, simama.

Jotoridi: Na kama RAM itajaa hata kwenye hatua ya kwanza, tatizo si uhifadhi tena, ni solva ya moja kwa moja inayovunja matriki (jedwali la namba za milinganyo) ili kupata jibu kwa mkupuo. Hamia kwenye gradienti konjugeti, njia inayolikaribia jibu kidogo kidogo kwa kurudia. Matriki ya upitishaji joto ni linganifu, inaikubali vizuri.