Gari la tabo la zamani halijapimwa hata kompresheni, tayari limepandishwa busti: hii tabia ikome

Wakuu,

Nafungua uzi huu kwa hasira na sitaificha. Kila mara inaletwa picha ya pistoni iliyomeguka pembeni, chini yake swali lilelile: "Fundi kaniwekea steji 2 (kifurushi cha kuongeza nguvu), sasa gari linatoa moshi na linakula oili, tatizo ni nini?" Tatizo ni kwamba injini yenye umri wa miaka 20 na ushee imepandishwa busti, yaani mgandamizo wa hewa ambayo tabo inaisukuma ndani ya injini, na mtu ambaye hakuipima hata kitu kimoja. Wanaofanya hivyo wanajiita mafundi wa mbio, na wenye magari wanalipa bila kuuliza.

Nitatumia Subaru zenye injini ya EJ20 ya tabo kama mfano, kwa sababu ndizo zinazouawa kwa wingi. Wenye injini za 4G63 (Mitsubishi), SR20DET (Nissan) na 1JZ (Toyota) msikae pembeni mkidhani hayawahusu.

Kipimo cha kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa, ni kazi ya saa moja au mbili. Injini ipate moto wake wa kawaida, plagi zote nne zitoke, nozeli za petroli na koili za cheche zichomolewe umeme, betri iwe na chaji ya kutosha, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho, stata izungushwe mpaka sindano ya geji iache kupanda. Andika namba ya kila silinda. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, hapo hakuna mazungumzo ya busti. Kuna anayemwaga kijiko cha oili kwenye silinda ili ajue kama ringi za pistoni ndizo zimeisha. Kwenye injini ambayo silinda zake zimelala kama EJ, oili inatuama upande wa chini tu, haizunguki ringi yote, kwa hiyo jibu lake linaweza kukudanganya. Kipimo cha uhakika ni kuingiza hewa ya kompresa kwenye silinda, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zimefungwa, kisha kusikiliza inakotorokea. Ikitokea kwenye tundu la dipstiki, ni ringi au pistoni. Ikitokea kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Fundi asiye na vifaa hivi viwili asiguse gari la tabo la mtu.

Sasa njoo kwenye bomba kubwa la kuingizia hewa, kitu ambacho kila mtu anafunga kwanza kwa sababu linang'aa na linapiga mluzi. Sensa ya hewa haipimi hewa yote inayopita. Inapima mwendo wa hewa inayoigusa, halafu kompyuta inakadiria iliyobaki kwa kutumia upana wa bomba la kiwandani. Toa bomba la milimita 70, weka la milimita 77. Kwa macho tofauti ni ndogo, lakini eneo la ndani limeongezeka kwa asilimia 21. Hewa ileile sasa inapita taratibu zaidi, sensa inasoma pungufu kwa karibu asilimia 17, na kompyuta inapunguza petroli kwa kiasi hichohicho. Ukiwa unaendesha polepole sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi inarekebisha na wewe unaona gari liko sawa. Ukikanyaga mpaka mwisho, marekebisho yale hayafanyi kazi tena. Busti iko juu, petroli haitoshi, joto linapanda, injini inaanza kugonga. Kugonga kule, yaani petroli kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, ndiko kunakomega ukuta mwembamba ulio kati ya ringi na ringi. Pistoni za kiwandani za EJ nyingi ni za kumimina kwenye kalibu, na hazivumilii mapigo hayo.

Ukiuliza fundi ametumia nini kurekebisha petroli, anakwambia "nimesikiliza kwa sikio". Sikio! Sensa ya oksijeni ya zamani iliyotoka na gari inasoma vizuri karibu na uwiano wa hewa na petroli wa 14.7 kwa 1 peke yake. Kwenye busti kamili injini ya aina hii inahitaji kiasi cha 11 hadi 11.8 kwa 1, na huko sensa ile ni kipofu. Lazima iwepo sensa ya oksijeni ya wigo mpana, lazima kuwe na rekodi ya busti, ya muda wa cheche na ya marekebisho ya kugonga, zote kwa pamoja, kwenye gia moja, kutoka mizunguko ya chini mpaka ya juu. Nozeli zikifika asilimia 85 ya muda wake wa kufunguka, zimeisha uwezo. Kuendelea kupandisha busti baada ya hapo ni kuiua injini kwa makusudi. Na petroli izingatiwe. Subaru za soko la Japani zenye nguvu zaidi zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu. Anayezitilia okteni ya chini, yaani petroli inayogonga upesi, anatakiwa kuwa na ramani (mpangilio wa petroli na cheche ndani ya kompyuta) iliyopangwa kwa okteni hiyo. Ramani iliyonakiliwa kutoka gari la mtu mwingine haifai hapa.

Kabla ya yote hayo, ziba mfumo wa hewa. Funika mdomo wa tabo kwa kizibo chenye valvu, ingiza hewa mpaka kama bari 1, pitisha maji ya sabuni kwenye kila kola na kila bomba la mpira. Mipira ya mwaka 1999 imekuwa kama biskuti. Mara nyingi gari "lisilo na nguvu" linavuja tu kwenye maungio ya intakula (kipoza hewa ya tabo), na mwenyewe tayari ameshauziwa tabo kubwa zaidi.

Mkanda wa taiming, unaounganisha krenki (mhimili mkuu wa injini) na valvu, ndio unaonikera kupita vyote. Kwenye EJ hizi ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Watu wanahesabu kilomita na kusahau miaka, wakati mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki. Ukibadilisha mkanda, badilisha na tenshena (kikaza mkanda), puli zote za kati na pampu ya maji, kwa sababu pampu hiyo inazungushwa na mkanda huohuo, na beringi yake ikijam inaondoka na kila kitu. Halafu alama. Puli ya krenki yenye meno ya mkanda ina mshale mbele, na ina kijistari kidogo nyuma, kwenye jino linalosomwa na sensa. Fundi asiyejua anaupanga ule mshale. Mshale ule hauhusiani na kufunga mkanda! Kinachopangwa ni kijistari cha nyuma na alama iliyo kwenye mwili wa pampu ya oili. Na tenshena ya zamani ukilazimika kuirudisha, isimamishe wima kwenye vaisi, ikandamize pole pole, isipungue dakika 3, kisha pitisha pini. Wanaoikandamiza kwa pigo moja wanapasua sili ya ndani, na siku chache baadaye mkanda unaanza kulegea. Ukimaliza, zungusha krenki kwa mkono mara mbili kamili kabla ya kugusa stata. Mkono ukikwama, umekosea, na hujapinda valvu bado.

Oili: angalia kila wiki, gari likiwa sehemu tambarare, limezimwa dakika kadhaa. Kati ya alama ya chini na ya juu ya dipstiki kuna karibu lita 1 nzima. Anayesubiri taa nyekundu iwake, beringi za konrodi zimeshakwaruzwa. Na kwenye injini zenye kichujio kidogo cha wavu ndani ya bolti inayopeleka oili kwenye tabo, kitoe ukikague. Kikiziba kwa masizi, tabo jipya linakufa kama lile la kwanza, kisha lawama inapelekwa kwa muuza spea.

Nije kwenye ile milipuko ya ekzosi. Inapatikana kwa kuchelewesha cheche na kuacha petroli iendelee kuingia mguu ukiwa umetoka, ili iungue ndani ya manifoldi. Joto lile linachoma valvu za moshi, linapasua manifoldi, linasumbua magurudumu ya tabo, na kama katalisti (kisafisha moshi) ipo linaiyeyusha. Wagonjwa na watoto waliolala wanaamshwa usiku kwa kelele ambayo haiongezi nguvu hata kidogo. Sijawahi kuona sababu moja ya maana ya kitu hiki kwenye gari la barabarani.

Mwendo ndio usiozungumzwa kabisa. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara 2.25. Kwa 120 gari linakula mita 33 kila sekunde, na sekunde moja inakwisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Gari limeongezewa nguvu, breki ni zilezile, fluidi yake ina umri wa miaka sita. Fluidi ya DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu, kiwango kinaweza kushuka mpaka 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabanwa, pedali inazama mpaka sakafuni. Badilisha kila baada ya miaka 2. Toa pini za kalipa, zisafishe, pake grisi ya silikoni, maana grisi ya kawaida inavimbisha mpira. Unene wa mwisho wa diski umeandikwa kwenye diski yenyewe, pima. Anayetaka kujua gari lake linakwenda kiasi gani alipeleke kwenye uwanja wa mbio uliofungwa. Kwenye barabara kuu kuna watu hawakukubali kuwa sehemu ya jaribio lako.

Na msikate springi kwa grainda. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake, ikinyooka yote inaweza kuchomoka, shokapu inagonga chini na pembe za magurudumu zinaharibika zote.

NYONGEZA, kwa wanaouliza kuhusu tairi: soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi hiyo imezeeka hata kama kashata bado zipo. Kwa magari yanayovuta magurudumu yote manne, tairi zote ziwe saizi moja, aina moja, na zilizolika sawa. Mzingo ukipishana, difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, mpaka inaungua. Dalili yake ni gari kushikilia na kurukaruka unapokata kona kali polepole, kwa mfano unapopaki.

Wenye karatasi za dayno (mashine ya kupima nguvu ya gari), wekeni hapa. Nataka mstari wa busti, wa uwiano wa hewa na petroli, na namba za kompresheni kabla ya kazi. Namba ya nguvu za farasi peke yake msilete.