Kupiga hodi kwenye mtandao wa mtu: ni kosa?

Mwenye duka, Tudor: Kijana wangu wa dukani, fundi wa simu, aliuskani mtandao wa nyumba ya wageni jirani. Akakuta mashine ya kamera bado ina nywila ya kiwandani. Akaingia, akapiga picha ya skrini, akampelekea mwenyewe ili amtahadharishe. Sasa anatishiwa polisi. Kosa lake nini?

Fundi wa mitandao, Nyali: Ami, hayo ni mambo mawili. Kuskani ni kupiga hodi: kompyuta ina milango 65,535, wewe wauliza upi unaitika. Kutia nywila ya kiwandani, hapo ushafika ukumbini. Kifungu cha 14 cha sheria ya Kenya ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 chamlenga anayevuka ulinzi ili aingie, akijua hana ruhusa: faini hadi shilingi milioni 5, au jela hadi miaka 3, au vyote. Hodi nitamtetea. Ile picha siwezi. Ni ushahidi kaupeleka kwa mkono wake.

Bi mwenye vyumba vya kupangisha, Mji wa Kale: Hodi gani ya milango elfu? Kwetu hodi ni tatu. Kimya, warudi zako. Na kamera yangu yaonyesha wageni wakitoka kuoga na kanga! Angekuja kunambia kwa mdomo, "Bi, badilisha nywila," ningemtilia kahawa.

Mwanafunzi, Tononoka: Lakini asipochungulia mwema atachungulia mwizi. Marekani, Mei 2022, Wizara ya Sheria iliwaambia waendesha mashtaka wasiwashtaki wachunguzi wa usalama wenye nia njema. Sisi je?

Fundi wa mitandao, Nyali: Hiyo ni sera yao, mwanangu, na Tudor si Marekani. Tena hodi yenyewe yaweza kuharibu. Nilipoanza kazi niliskani ofisi moja bila kuuliza. Printa ya mhasibu ikaanza kutema karatasi, kila moja na mstari wa herufi za ajabu, hadi trei ikawa tupu. Ulikuwa mlango 9100, wa printa: kiingiacho chote huchapwa. Hata Nmap, programu ya kuskani, ikichunguza aina ya huduma, kwa kawaida huuruka. Tangu hapo, sigusi kompyuta kabla ya karatasi yenye sahihi.

Mwenye duka, Tudor: Sahihi ya nani sasa? Nyumba ni ya mtu, ruta ni ya kampuni ya intaneti, na kamera zasimamiwa na waliozifunga.