Mvua imekatika L'shi (Lubumbashi), bustani ya mu lupango (kiwanja ya nyumba) niiache ao niendelee?

mwana_bukavu
Jambo benyeji ba Lubumbashi. Nilitoka Bukavu mwaka jana mwezi wa munane, niko Katuba, mu lupango niko na kabustani ka meta 10 kwa 4 hivi, lengalenga, matembele, nyanya, mipapai mbili na avoka moja ingali ndogo. Mu mvua ilikuwa muzuri mpaka nilikuwa nagawia jirani. Sasa wiki mbili hainyeshe, udongo uko mugumu sawa tofali, na jirani ananiambia ati mvua itarudi karibu mwezi wa kumi! Kwetu kiangazi ni mwezi wa sita mpaka wa munane, unavumilia inapita. Hii ya miezi sita siijue. Maji ya robine (bomba) inakuja usiku, siku ingine haikuje. Nifanye nini? Ile lengalenga njo mboga batoto banapenda, inaniuma kuiona inakauka.

papa_kafubu
Usiache mwanangu. Kiangazi ya huku njo wakati wa shu (kabichi) na kitunguu, juu mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi inaweza shuka chini ya digri 10 na shu inapenda ile, mu mvua inaoza tu. Lengalenga inachukia baridi, itabakia fupi na kutoa mbegu mbio, panda kidogo karibu na jiko.

Lakini kwanza hesabu maji. Meta moja kwa moja inakunywa kama litre 4 kwa siku, na mwezi wa tisa jua ikikuwa kali inafika 5 ao 6. Bido (jerikani) ya litre 20 ni meta 5 basi. Uko na bido tatu kwa siku? Lima meta 15, ingine uiache ipumzike. Bengi banamwangia fasi yote kidogo kidogo, maji inabakia juu, mizizi nayo inabakia juu, siku robine inakosa byote binakufa.

Na ile mistari (matuta) uliinua sababu ya mvua, bomoa. Sasa unachimba ishuke sawa sahani, maji isikimbie.

mama_matembele
Papa amesema kweli. Mi naongeza: funika udongo na majani makavu LEO, wakati chini kungali unyevu, usingoje ikauke ndio ufunike. Na tafazali usiyachome, kila mwaka naona moshi mu malupango naumia roho, ile njo chakula ya udongo inaenda hewani.

yaya_ruashi
Mama, kwangu majani ilileta muchwa, bakakula mupapai mpaka ndani. Mi siweke tena.

mama_matembele
Pole yaya. Uliegemeza majani ku muti? Acha fasi ya mukono muzima kuzunguka shina, weka nyembamba, na kila juma unafunua unaangalia chini. Kwa avoka ya huyu mugeni wetu, toboa chupa ya plastiki matundu madogo chini, uzike pembeni mpaka shingo, ujaze jioni. Maji inaenda ku mizizi yenyewe.

mwana_bukavu
Aksanti sana bazazi. Niko na bido nne, basi meta 20. Kesho nachimba. Lakini shu inachukua miezi, batoto bakule nini?

papa_kafubu
Panda shu ya Shine (kabichi ya China) pembeni. Mwezi moja na nusu, kama mbili, unaanza kuvuna majani ya inje, ya kati unaacha iendelee.