Wahudumu wa maduka ya nguo Mwanza, mteja akiingia kuangalia tu amekosa nini?

Binti wa Nansio (mleta mada)

Mwangaluka wakuu. Naomba tuongee hili jambo maana limenikaa rohoni. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao kwahiyo mama akavuka na meli kutoka Nansio tumtafutie gauni mapema, nikasema leo simpeleki Makoroboi kwenye kusukumana na jua lile, nampeleka moli akae kwenye AC tuzunguke taratibu duka moja moja achague mwenyewe akiwa ametulia. Moli yenyewe wala duka sitaji, sina nia ya kumharibia mtu biashara.

Duka la kwanza wadada wawili wako kwenye simu, tumeingia tumesalimia kimya, tumezunguka mpaka tumetoka hakuna aliyeinua kichwa. La pili ndo kinyume kabisa, dada ananifuata nyuma nyuma, nikisimama anasimama, nikishika blauzi anasubiri niachie aikunje upya, huku anauliza "unataka ya bei gani anti? hiyo size yako hamna", na hiyo size yako hamna kaisema kwa sauti ambayo duka zima wamesikia.

La tatu ndo limeniuma. Mama kaona gauni refu la damu ya mzee lina shanga kifuani, macho yakamng'aa, akalishika pale begani kuona kitambaa kikoje. Yule dada akaja akalitoa mkononi mwake, akalirudisha kwenye henga, akapanguza lile bega aliposhika mama, ndo akasema "mama hilo ni ghali". Hajamuuliza shikamoo, hajamuuliza anatafuta nini. Kaona kitenge na ndala basi kashamaliza hesabu. Mama yangu anauza dagaa miaka yote, kasomesha watoto kwa hela hiyo hiyo, na siku ile hela ya gauni alikuwa nayo mfukoni. Nikauliza bei maana hakuna tagi hata moja, najibiwa "kwani nyie mna shingapi?" Mama akanishika mkono tukatoka, kwenye daladala mpaka Nyakato hakuongea kitu.

Hivi hii ndo hali ya maduka yetu yote? Na kwa anayejua, wapi hapa mjini naweza kumpeleka mama wa saizi 20 akapokelewa kama mtu?

---

Kijana wa Pansiansi

Pole sana dada na mpe pole mama. Hiyo ya "mna shingapi" nimekutana nayo mno, maana yake bei inapangwa kwa kukuangalia viatu. Mimi duka lisilo na bei kwenye nguo siku hizi siingii kabisa.

---

Kaunta ya zamani

Mleta mada nimesoma nikajisikia vibaya kwasababu kazi hiyo nimeifanya, sio hapo lakini ni hapa hapa Mwanza. Yule aliyempokonya mama gauni simtetei, ile ni tabia mbaya ya mtu, hakuna bosi anayekufundisha kutomwamkia mzazi. Ila hii ya kufuatwa nyuma nataka watu wajue inatoka wapi.

Nilipokuwa mimi asubuhi tunahesabu nguo zote na jioni kabla ya kufunga tunahesabu tena, ikipungua moja inagawanywa kwa wote tuliokuwa zamu, tena kwa bei ya kuuzia sio bei ya kununulia. Kwahiyo unamfuata mteja sio kwamba umemuona mwizi, unafuata mshahara wako. Akiingia mtu na begi kubwa moyo unadunda, wakiingia wanne kwa pamoja ndo kabisa, kila mmoja wetu anachukua mtu wake. Mwisho wa mwezi nimewahi kukatwa gauni ambalo hata sikumbuki lilikuwa rangi gani, na kodi ya chumba inanisubiri. Na wale wa kwenye simu wengi wako pale tangu asubuhi mpaka saa mbili usiku, kukaa hawaruhusiwi, auze nguo hamsini au asiuze hata moja mshahara ni ule ule. Hakuna siku mtu amewakalisha akawaambia mteja anapokelewaje, unaonyeshwa deki, pasi na kitabu cha mauzo, basi umeajiriwa.

Bei kutoandikwa hiyo inatoka kwa bosi. Kwetu tulikuwa na bei ya mwisho kichwani, ukiuza juu ya hapo kinachozidi unapewa kidogo, sasa hapo utaandikaje tagi?

---

Wakili mtaani Igoma

@Kaunta ya zamani hayo makato yanavyofanyika maduka mengi sio halali na mabinti wengi hawajui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 28 iko wazi, kumkata mfanyakazi kufidia hasara lazima hasara iwe imetokea kazini na imesababishwa na kosa lake yeye, aandikiwe sababu na kiasi na hesabu ilivyopatikana, apewe nafasi ya kupinga, deni lisizidi hasara halisi na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Gauni limepotea halafu mnagawana watano bila kujua nani alikuwa wapi, kosa la nani hapo? Na kumkata kwa bei ya kuuzia wakati bosi kalinunua kwa nusu yake hiyo sio hasara halisi, hapo mwajiri anapata faida kwenye nguo iliyoibiwa. Anayekatwa hivyo aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ipo hapa Mwanza, na asikae nalo muda mrefu.

Na mishahara yenyewe ndo hiyo tunaijua, mwaka 2023, kwa amri ya 2022 iliyoanza kutumika Januari ile, kima cha chini cha biashara na viwanda kilikuwa 150,000 kwa mwezi. Toa nauli ya Buhongwa kwenda na kurudi kila siku, toa chakula cha mchana, halafu toa gauni lililopotea.

---

Anti wa butiki

Nami niseme kidogo kama mwenye duka, dogo tu halipo moli. Wateja nao tuambiane. Jumapili wanaingia mabinti wamejipodoa, wanajaribu gauni sita, wanapiga picha kwenye kioo, wanatoka, mimi nabaki na gauni jeupe lina poda shingoni na hakuna mtu atalinunua tena kwa bei yake. Kuna wanaochukua ijumaa wanavaa kwenye sherehe jumatatu wanarudisha linanuka jasho na marashi wanasema halikuwatosha. Ndo maana wengi wetu tumekuwa wakali, na ndo maana kwenye risiti tunaandika mali ikiuzwa hairudishwi.

Ila mzazi kupokonywa nguo mkononi hapana. Huyo angekuwa binti yangu wa dukani angemfuata mama mpaka kituo cha daladala kumwomba radhi.

---

Mzee wa belo, Mlango Mmoja

Mama angekuja kwetu Mlango Mmoja kwenye mitumba asingenyanyaswa hivyo. Sisi hatuna kioo wala AC ila mtu akisimama mbele ya mzigo wangu namwambia karibu mama, chambua, geuza, jaribu juu ya nguo yako, na asiponunua namwambia nafungua belo lingine alhamisi pita tena. Mzigo ni hela yangu mwenyewe kwahiyo najua huyu asiyenunua leo ndo anamleta jirani yake wiki ijayo. Yule dada wa moli mzigo sio wake, uuzike uozee humo yeye anaona sawa, bosi nae yuko Dar anaangalia kamera kwenye simu. Na magauni saizi 20 kwenye mtumba ndo yapo kwa wingi, hayo ya dukani mengi yanatoka China yamekatwa madogo, XXL yao unakuta ni 14 ya huku kwetu.

---

Binti wa Nansio

Asanteni wote. Kaunta ya zamani umenifungua macho, yule wa duka la pili hasira imenitoka kabisa, kumbe anakaba mshahara wake asinyang'anywe. Wa tatu bado. Anti wa butiki nimekuelewa kwenye poda, ila ingekuwa mnaandika bei tu nusu ya ugomvi ingeisha, mtu anaona laki na themanini anajijua mwenyewe anaendelea au anageuka, hakuna wa kumdhalilisha mwenzie.

Mzee wa belo nitakuja kwa ajili ya nguo zangu za kazini. Ila kwa harusi mama mwenyewe kashasema duka hataki tena, anataka kushona kitenge. Mafundi mnisaidie, nichukue kiasi gani na nimpe fundi muda gani?

---

Cherehani Butimba

Dada kwa saizi 20 gauni refu lenye mikono chukua kitenge cha yadi 6, kinatosha na kilemba kinatoka kama sio mrefu sana, usikubali kukatiwa yadi 4 hata mtu akuapie. Nunua na bitana ya rangi hiyo hiyo maana bila bitana litamshika mwilini akitoka jasho. Kitenge kikiwa pamba kiloweke usiku mzima ukianike kabla hujakipeleka kwa fundi, kisije kikasinyaa baada ya kufuliwa. Na mlete mama mwenyewe apimwe, usije na gauni lake la zamani la mfano. Harusi mwezi ujao basi wiki hii ndo wiki yenyewe, maana tukishaingia kwenye sare za kamati hakuna fundi atakayekupokea.