Mnaotunga mitihani ya Kiingereza, hivi huwa mnasoma mnachoandika?

Wakuu, nimetoka kusahihisha mtihani wa majaribio wa kidato cha nne na hasira hazijanipoa.

Kuna swali watoto wameambiwa waiandike upya sentensi hii: "Walking to school, the rain started to fall." Sawa, kosa lipo. Ilivyokaa hapo, mvua ndiyo iliyokuwa inatembea kwenda shule. Sasa fungua mwongozo wa kusahihishia uone jibu la wakubwa: "The rain started to fall walking to school." Jamani! Si bado inatembea? Hebu waniambie basi inasoma kidato cha ngapi.

Mwanafunzi mmoja kaandika: "As I was walking to school, the rain started to fall." Safi kabisa, mtembeaji kapatikana. Mwongozo unampa sifuri, eti kaongeza maneno ambayo hayakuwemo. Bila kuongeza anatokaje hapo? Ukikutana na "She served soup to the guests in plastic bowls", unakisogeza kile kipande cha mwisho karibu na supu, wageni wanatoka kwenye mabakuli, yameisha. Lakini kwenye ile ya mvua mwenye kutembea hayumo kabisa. Uhamishe maneno mpaka kesho, hatokei. Lazima umtaje.

Na watoto wetu hapa ndipo wanapohitaji kufundishwa kweli. Wamezoea "nikitembea", ambapo ile ni- imeshamtaja mtu. "Walking" haina mtu ndani yake, inamdandia yeyote anayefuata baada ya mkato. Mtoto kaligundua hilo mwenyewe, halafu anakatwa alama!

La kuchagua nalo: "Students who practise often pass." Hiyo "often" haijulikani ni ya kufanya mazoezi au ya kufaulu. A wameiweka kabla ya "practise", C wameipeleka mwisho baada ya "pass". Zote mbili zinaondoa utata. Mwongozo unataka C tu, maelezo hakuna.

Nimeuliza kwenye paneli, nikajibiwa: "Mwalimu, fuata mwongozo." Nimewapa watoto alama zao, na sasa naambiwa nizirudie zile karatasi. Sirudii.

Walimu wenzangu wa mikoa mingine, na kwenu mmeletewa mwongozo huu huu au ni sisi tu?