Tupeane uzoefu: bustani ya nyumbani ulikadiria ngapi, na ukaja kutoa ngapi?

Mgeni wa Kange
Salaam wakuu. Nyumba nimehamia tangu Desemba, Kange huku, ila uwanja bado ni vumbi na mabonge ya zege. Jana nimemwita fundi wa bustani. Kazunguka mara moja, mikono mgongoni kama bwana shamba, akasimama kwenye kivuli cha mwembe akatamka: "Milioni mbili na nusu, bosi." Hajapima hata kwa hatua. Nikamuuliza kaipataje, akacheka tu.

Mliokwishapita njia hii, hasa wa hapahapa Tanga, nipeni mikasa yenu. Hela ilipotelea wapi? Uwanja wa mbele ni mita 12 kwa 8, na pembeni kuna njia ya gari.

Shangazi wa Sahare
Mwanangu, yangu ilipotelea majini. Nilipiga hesabu ya nyasi, samadi na ufundi, nikajiona mjanja. Nikapanda Januari, jua la kaskazi lenyewe. Sasa nyasi changa zinataka maji kila siku mpaka zishike. Chukua lita 5 tu kwa kila mita ya mraba. Uwanja wako una mita 96, hiyo ni lita 480 kwa siku. Mwezi ukiisha ni uniti 14 na ushee (uniti moja ni lita 1,000), juu ya zile mnazopikia na kuogea. Hesabu hii mimi nilifundishwa na bili.

Nikasema basi, nichimbe kisima. Huku kwetu karibu na bahari maji yalitoka, tena upesi, lakini ukionja unakunja uso. Nilimwagilia wiki mbili hivi, nyasi zikaanza kuungua ncha, mwisho uwanja mzima ukawa rangi ya makuti. Kisima nimekilipia na sasa nasuuzia baraza.

Mara ya pili nikangoja masika. Mvua ziliposhika Aprili nikapanda, Mola akanimwagilia bure mpaka Mei. Gharama ile ya kwanza siisemi hapa, mume wangu anapitaga humu.

Dereva wa tipa
Mimi nabeba udongo na kifusi, kwa hiyo wengi mnaolalamika nimewamwagia mimi. Nikwambie kitu: tripu si kipimo. Kila bodi na ukubwa wake, ila mteja anauliza "tripu shilingi ngapi?" na anakimbilia ya bei ndogo. Shika futi upime bodi, urefu mara upana mara kimo. Langu ni mita 4 kwa 2, kimo sentimita 75, yaani kyubiki 6 (mita 6 za ujazo). Kuna mwenzangu bodi yake haifiki 4, naye anaita tripu vilevile.

Wewe ukitaka kuweka udongo wa sentimita 15 kwenye mita 96, unahitaji kyubiki 14 na nusu hivi. Lakini udongo wa kwenye gari umefumuka, ukinyeshewa unashuka. Ongeza robo. Inakuja 18, kwangu ni tripu 3. Jamaa mmoja wa Raskazone alinibishia, akachukua mbili. Mvua ya vuli ilipopita uwanja ukawa chini ya barabara, bustani ikawa bwawa la vyura.

Halafu pima geti! Nimewahi kumwaga mzigo nje kwa sababu gari halikupenya. Vibarua watatu walisomba kwa toroli siku mbili, na hela yao haikuwa kwenye daftari la mwenye nyumba.

Mwalimu mstaafu, Pongwe
Naongezea kwenye njia ya gari. Tofali la pevingi la sentimita 20 kwa 10 linaingia mara 50 katika mita moja ya mraba, hapo hakuna mjadala. Ongeza kidogo kwa yatakayovunjika na ya kukata pembeni. Kosa langu lilikuwa unene. Nilichukua ya sentimita 6 kwa kuwa ni nafuu, nayo kwa kutembea ni mazuri kabisa. Kipindi maji yalipokatika nikaita boza. Liliingia vizuri, lilipotoka likaacha mifereji miwili. Nikafumua, nikanunua ya 8, na safari hii nikashindilia kokoto kwanza. Kokoto, mchanga wa kulazia na mawe ya ukingoni ndivyo vilivyonimaliza, maana fundi alinitajia bei ya tofali na ufundi peke yake, nami sikumuuliza zaidi.

Na mteremko usisahau: kila mita moja ishuke sentimita 2, ukiipa nyumba mgongo. Wa kwangu wa kwanza ulielekea sebuleni.

Makorora damu
Nyie wenye viwanja mnatesana. Mimi nina baraza na ndoo 11 za rangi zilizotobolewa chini. Mboji ya kwangu, vipandikizi vya kuomba kwa majirani. Makadirio: sifuri. Gharama halisi: sifuri, mpaka mbuzi wa mtaa walipogundua. Wavu nimenunua kwa elfu 38.

Shangazi wa Sahare
@Makorora damu 😂 Mbuzi hao ndio waliomaliza mawaridi ya dada yangu pale Chumbageni. Hata miiba hawaogopi.

Mgeni wa Kange
Ahsanteni sana, shikamoo Mwalimu, shikamoo Shangazi. Leo fundi nimemwita tena, safari hii tumeshika kamba na daftari. Tumeandika udongo, nyasi, samadi, pevingi za 8, kokoto, mchanga, mawe ya ukingoni, vibarua, geti (gari la kyubiki 6 linapita, limebakiza kiganja kila upande). Imefika milioni 4 na laki 1, maji bado. Fundi mwenyewe kashtuka, akasema ile ya juzi alikuwa "anakisia tu bosi".

Nimekata kazi vipande viwili. Njia ya gari sasa, kabla ardhi haijalowa. Nyasi zinangoja masika. Ila Shangazi, hicho kisima chako kilikwenda futi ngapi?

Shangazi wa Sahare
Ishirini na tano. Na usithubutu.