Wakuu, "metamodeli" naifafanuaje kihisabati? Sura ya tatu imerudishwa

Kodi_Usiku: Habari zenu wakuu. Niko shahada ya uzamili, tasnifu inahusu kuzalisha kodi ya programu (code) kutoka kwenye modeli. Unachora klasi za UML (lugha ya michoro ya kusanifu programu) za mfumo wa zahanati, jenereta inatoa Java. Jenereta inafanya kazi. Ila niliandika "metamodeli ni modeli ya modeli" na msimamizi kaandika pembeni: "Kwa maana ipi?" Anataka fasili rasmi. Hisabati yangu inaishia kwenye seti na grafu.

Fundi_Jenereta: Andika "tunafuata MOF ya OMG" (kiwango cha kuandikia metamodeli, cha shirika la viwango OMG), weka mchoro wa Ecore (lugha ya metamodeli ya Eclipse), songa mbele. Watahini wanapenda kusumbua tu.

Bi_Grafu: @Fundi hapo atarudishwa tena. Kutaja kiwango si kutoa fasili.

Mdogo wangu, kauli yako imechanganya mahusiano mawili. Modeli inawakilisha mfumo. Hapo anza na mwananadharia wa modeli Stachowiak, 1973: modeli huakisi kitu, huacha baadhi ya sifa zake, na huwa na matumizi kwa mtu fulani. Lakini kwa metamodeli uhusiano ni mwingine: modeli inaitii metamodeli, yaani inafuata kanuni zake. Mtafiti wa modeli Bézivin aliyatenganisha haya mawili, msome.

Seti na grafu zinakutosha kwa kutii. Metamodeli ni jozi (T, C): T ni grafu ya aina (nodi zake ni klasi, mishale ni mahusiano kati yao), C ni masharti. Modeli ni grafu G pamoja na fanksheni inayopeleka kila nodi na kila mshale wa G kwenye T bila kuvuruga chanzo na kikomo cha mshale. Modeli inatii ikiwa fanksheni hiyo ipo na masharti yote ya C yanatimia. Usiiache C! Tuseme kwenye zahanati yako kila Ziara lazima iwe na Mgonjwa mmoja: fanksheni peke yake itapitisha Ziara moja yenye Wagonjwa wawili, kwa kuwa haihesabu mishale. Kazi ya kuhesabu ni ya C, ambayo unaweza kuiandika kwa OCL, lugha ya kuandikia masharti ya modeli. Urithi wa klasi utakuongezea kurasa, jiandae.

Kodi_Usiku: Asante sana dada. Sasa MOF inajitii yenyewe, yaani ndiyo metamodeli yake yenyewe, si tunazunguka palepale?

Bi_Grafu: Hapana. Grafu inafafanuliwa kwanza, bila kutaja aina yoyote. Baadaye ndipo unatoa fanksheni kutoka grafu hiyo kwenda kwayo yenyewe. Hakuna kilichojizaa.

Mzee_wa_Seti: Naongezea: ziandike fasili zako kwa Alloy (lugha ya modeli yenye kikaguzi chake) kabla ya kumrudishia msimamizi. Itakutolea mifano, na ile ya ajabu ndiyo itakayokuonyesha sharti ulilosahau. Ila inakagua hadi ukubwa unaoupanga wewe. Isipopata kasoro, usiandike "tumethibitisha".

Fundi_Jenereta: Haya, hiyo ya Ziara imenigusa. Na ugeuzaji wa modeli kuwa kodi je?

Bi_Grafu: Ni uhusiano kati ya modeli zinazotii metamodeli moja na zinazotii nyingine. @Kodi_Usiku jenereta yako ikipewa modeli ileile mara mbili inatoa kodi ileile? Kama ndiyo, andika fanksheni, kisha useme kama inakubali kila modeli halali au baadhi tu. Weka rasimu hapa tuikague.